Nta Kwenye Subaru ya Sabiri

Nyumba yenye mtu mmoja ina adabu mno. Kikombe ukikiacha mezani asubuhi, jioni unakikuta palepale, hakuna aliyekisogeza, hakuna aliyekinywea. Hilari Shilinde wa Gongoni, Tabora, alikichukia kikombe chake kwa sababu hiyo, na asiyeujua upweke asimcheke.

Si kwamba watu walikuwa hawaingii kwake. Gereji yake ilikuwa uani, na kutwa geti lilikuwa linalia: mara Noah ya mnunuzi wa tumbaku kutoka Urambo, mara pikapu ya misheni, mara bodaboda anaomba kuazimwa spana ambayo haitarudi. Lakini watu wa gereji hawamfuati mtu, wanafuata gari. Gari likipona wanapotea, na ndivyo inavyotakiwa, maana nani ana hamu ya kuonana na fundi kila wiki? Hilari alilijua hilo tangu ujana wake, alipokuwa Dar kwenye gereji ya magari ya mashindano, na wala halikuwahi kumsumbua. Wakati ule alikuwa na mkewe, Yustina, wa kurudi kwake.

Yustina alipofariki, bila kujaliwa mtoto, ndipo geti lilipoanza kumuuma kila linapofungwa. Isipokuwa siku ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi alikuwa anakuja Sabiri.

Sabiri hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alipiga honi mpaka kuku wa jirani wakatawanyika, halafu akapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Mpagazi, uko hai, au nikatafute sanda?"

"Niko hai, mwizi wa shanga. Ingia, ila mikono iweke mfukoni, spana zangu nimezihesabu."

Sabiri alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, kazi yake kupanda na kukarabati minara ya simu huku Tabora na wilaya zake. Hilari alikuwa Mnyamwezi. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, wakati mababu wa huyu walipokuwa wakibeba pembe kutoka huku bara hadi pwani, na mababu wa yule wakiwapokea, wakiwalisha na kuwacheka. Hilari alimzidi Sabiri umri wa kutosha kumzaa. Kijana mwingine yeyote angeanza na shikamoo, tena kwa kuinamisha kichwa. Mtani hadaiwi shikamoo. Mtani anadaiwa matusi, na akikunyima matusi ujue kuna jambo.

Walivyojuana ni hivi. Sabiri alikuwa ameleta gari lake wiki ileile Yustina alipofariki. Aliposikia msiba, akaja makaburini, mgeni asiyejua mtu. Katekista amemaliza sala, jeneza linataka kushushwa, mara yule kijana akajitupa chini, akajilaza kwenye rundo la udongo. "Huyu mama hazikwi," akasema. "Kachoshwa na mpagazi huyu. Kabebeshwa mizigo mpaka kafa. Nipeni kuku wangu kwanza, mimi mtani, ndipo mumzike." Wazee wa kundi la waombolezaji wakaangua kicheko, kwa kuwa siku nyingi walikuwa hawajaona mtani aliyejua kazi yake. Hilari naye akacheka, machozi yakimtiririka, akacheka hadi akashikwa mabegani. Kuku akatolewa. Yustina akazikwa akiwa amechekewa, kama inavyostahili, na Hilari hakuisahau siku ile hata kidogo.

Sasa gari lenyewe. Lilikuwa Subaru ya turbo, na vijana wa Dar waliomuuzia Sabiri walikuwa wamelichokonoa: wameing'oa turbo yake na kuliwekea kubwa zaidi, nozeli za mafuta nazo kubwa, halafu wakaiacha kompyuta ya gari haijui tena inaendesha nini. Injini inataka hewa na mafuta kwa kipimo. Kompyuta inanusa moshi kwenye eksozi. Ikiona hewa imezidi inaongeza mafuta, ikiona mafuta yamezidi inayapunguza. Huko kuongeza na kupunguza kunaonekana kwenye skrini kwa namba. Namba ikilala sifuri, shwari. Ikipanda, gari lina kiu. Ikizidi kupanda, inafika mahali kompyuta imeongeza mpaka haina tena cha kuongeza, na hapo injini inajikwaa, inazima, au inajiunguza yenyewe. Kazi ya Hilari ilikuwa kuifundisha kompyuta upya, kidogo kidogo, kwa laptop yake iliyochakaa, mpaka namba zilale.

Na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja aendeshe, mwingine asome. Ukijitia unaendesha huku unasoma namba, utazisoma vizuri ukiwa mtaroni. Kwa hiyo kila Jumamosi walikuwa wanashika barabara ya Sikonge, Sabiri kwenye usukani, Hilari na laptop magotini, miombo inapita pande zote mbili.

"Kanyaga taratibu. Taratibu, nimesema, hukimbizwi na mgambo."

"Nakanyaga ninavyotaka. Babu yako alitembea kwa miguu njia hii mpaka Bagamoyo, akafika akanywa maji ya bahari, akauliza nani kamwaga chumvi kisimani."

"Na babu yako alikuwa amekaa ufukweni anamsubiri alale amwibie kibuyu. Shika hapohapo. Usiongeze. Sawa, namba inashuka."

Wakifika katikati ya njia wanasimama, wanakula matobolwa na karanga, Sabiri akilalamika kwamba viazi vilivyokaushwa ni chakula cha watu wasiojua samaki, na akila kuliko mwenyeji. Halafu wanarudi. Hilari alipokuwa anaoga jioni ya siku hizo, alikuwa anaimba.

Mwanzoni ubovu ulikuwa wa kweli. Nyuma ya injini, mpira mmoja mwembamba wa hewa ulikuwa na ufa, hewa inapenya pale kwa wizi bila kompyuta kuihesabu, na namba zinapanda. Mpira wa saizi ile Tabora nzima haukupatikana. Hilari akaagiza Dar. Wakati wa kusubiri, akatumia alichokijua. Kwa kina Yustina, Sikonge, nta ya nyuki inaziba kila kitu: mzinga, kibuyu, dumu lililotoboka. Akakata bonge la nta, akalikanda kwa vidole, akauziba ufa, akafunga kitambaa juu yake.

"Itakusogeza siku mbili tatu," akasema, na siku ile alisema kweli.

Nta haipendi moto, kila mtoto wa Sikonge anajua. Asubuhi, injini ikiwa bado baridi, gari lilikwenda vizuri ajabu. Jua likipanda na injini ikichemka, nta inalainika, ufa unafunguka, namba zinapaa. Jumamosi iliyofuata Sabiri akarudi na matusi mapya. Hilari akaziba tena, wakaenda tena barabarani, wakala tena matobolwa.

Halafu mpira ukaja. Uliletwa na basi, umefungwa vizuri kwenye mfuko. Hilari akaupima kwa jicho, akaukunja, akaunyoosha: ndio wenyewe. Akauweka kabatini nyuma ya kopo la grisi, akijiambia atauvalisha Jumamosi. Jumamosi ikafika, honi ikalia, mtaa ukasikia habari ya sanda, na Hilari akafungua boneti. Akatazama ufa. Akatazama kabati. Kisha akachukua nta.

Hakuwa na ubaya moyoni, na hela ya Jumamosi hakuwahi kumtoza. Aliwaza tu kwamba gari likipona, Sabiri naye atapotea, kama wote wanavyopotea. Je, kijana yule alikuwa anamfuata yeye, au alikuwa anafuata namba? Kulijua jibu hakukuwa kazi: avalishe mpira, asubiri Jumamosi ijayo aone. Ndicho alichokiogopa kuliko kitu chochote duniani. Mtu anaweza kuishi na swali. Jibu ndilo linaloweza kumuua.

Uongo wa kwanza unachoma, wa pili unawasha, wa tatu husikii kitu. Mvua zikaja, mvua zikaondoka, na kila wiki Hilari alikuwa anakanda nta. Alijisemea kwamba ni gari la mjini tu, linakwenda ofisini na kurudi, lina shida gani. Akawa hodari wa kukunja uso mbele ya laptop. "Turbo hii si yake," anasema. "Inataka subira." Na Sabiri anajibu kwamba subira ya mpagazi ameiona, mizigo yote ilifika pwani imeoza.

Kisha Jumamosi moja Sabiri hakutokea. Hilari alikuwa amechemsha matobolwa tangu asubuhi. Akakaa kwenye kigoda karibu na geti, akajifanya anasafisha kabureta. Kila gari lililopita alilijua kwa mlio kwamba silo. Saa za mchana zikapita. Bodaboda mmoja akaja kuomba spana, na Hilari akamkalisha, akamuuliza habari za nyumbani, za wazazi, za mavuno, mpaka yule kijana akaanza kutazama geti. Jioni matobolwa yakapewa kuku.

Wiki iliyofuata honi ikalia.

"Mpagazi, umepata mjukuu," Sabiri akasema kabla hajashuka. "Wa kiume. Ana sura nzuri, kwa hiyo usiseme anafanana na wewe."

Hilari akajifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji, kwa sababu machozi yalikuwa yamemlengalenga. Akaulizia mama. Mama mzima. Akaulizia jina. Jina watalipata kwa bibi yake, Kisarawe, ndiyo maana wamekuja kuaga: wiki inayoanza wanaondoka, yeye, mke na mtoto, kwa gari hilihili.

"Sasa niambie ukweli, nimekuheshimu leo kukuuliza. Inafika, au nipande basi?"

Hilari akaiona njia yote: Nzega, Singida, Dodoma, jua la mchana kichwani, lori mbele na lori nyuma, na kichanga kiti cha nyuma. Akauona ule ufa ukifunguka wakati Sabiri anataka kulipita lori.

"Inafika," akasema. "Nipe nafasi nimalize."

Simu ya Sabiri ikaita, akatoka nje ya geti kuongea na watu wake. Hilari akalifungua kabati. Mpira ulikuwa umeshika vumbi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, mtu anamaliza kabla chai haijapoa. Akaubandua ule wa zamani pamoja na nta yake, akauvalisha mpya, akakaza klipu pande zote mbili. Ule wa zamani akauweka mfukoni mwa ovaroli. Kisha wakashika barabara ya Sikonge.

Safari hii namba hazikupanda. Asubuhi ilishapita, jua lilikuwa kali, injini imechemka, na namba zilikuwa zinashuka tu. Hilari akasahihisha hapa, akasahihisha pale, akamwambia Sabiri akanyage, apunguze, akanyage tena. Zikafika sifuri zikalala. Gari likawa linavuta bila kigugumizi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kuifanyia Subaru ile, na alijisikia vibaya kama mtu aliyekula sumu.

"Mpagazi," Sabiri akasema polepole, "umeiweza."

"Imekubali."

"Hapana, umeiweza. Leo nakusifu, na kesho nitakataa kwamba nilikusifu." Akacheka, akapiga usukani kwa kiganja. "Ungeiweza mapema tu, mzee wewe. Nusura unifanye mkunga. Unajua wiki ile ilikuwaje? Mama kashikwa uchungu mchana kweupe. Namkimbiza hospitali. Tunafika kwenye tambuka reli, treni la mizigo hilo linapita, mabehewa hayaishi. Tumesimama juani, injini inanguruma pale, mara ikajikwaa, ikazima. Kuwasha, haiwaki. Mke wangu anang'ata mtandio. Nikamtoa, nikampakia bajaji, na mtoto alizaliwa hata hatujafika kitandani, pale mlangoni. Kina mama wa mapokezi wakanicheka. Nikasema ngoja, dawa ya mpagazi yule ipo, nitamtukana mpaka achoke."

Alikuwa anasimulia kwa raha, kama mtu anavyosimulia hatari iliyokwisha pita. Hilari akafunga laptop.

"Simamisha gari."

"Kibofu cha kizee hicho?"

"Simamisha, Sabiri."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Sabiri akamtazama, akaliweka gari pembeni, akazima injini. Ng'ombe wawili walikuwa wanakula majani kando ya barabara, na hapakuwa na mtu mwingine.

Hilari akautoa ule mpira mfukoni, akaushika magotini. Nta ilikuwa imegandamana kwenye ufa, nyeusi kwa vumbi.

"Mpira mpya ulikuja siku nyingi," akasema. "Mvua zilikuwa hazijaanza. Niliuficha kabatini. Nikawa nakuzibia kwa nta, nikijua itayeyuka. Kila Jumamosi."

"Kwa nini?"

"Ili urudi."

Sabiri akauchukua mpira, akaugeuza, akabonyeza nta kwa ukucha. Hilari akasubiri. Utani una kanuni: mtani akikuchezea huruhusiwi kununa. Akikuibia kuku, unacheka. Akikuvua kofia mbele za watu, unacheka. Unatafuta lako la kulipiza. Hilari alikuwa radhi kwa lolote. Aitwe mchawi, aitwe shetani wa kinyamkera, ateremshwe palepale arudi mjini kwa miguu kama babu yake. Angefurahi kutembea.

"Mke wangu angeweza kujifungulia relini," Sabiri akasema, kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Hukujua. Nimekwambia sasa hivi."

"Sikujua," Hilari akakubali. "Nisamehe. Nilikuwa peke yangu sana."

Sabiri akafungua dirisha, kisha akalifunga. Akamrudishia mpira, kwa mkono wa kulia, taratibu. Akawasha gari, likawaka mara moja, akageuza. Njia nzima mpaka Gongoni aliendesha macho yakiwa barabarani, bila tusi hata moja. Getini, Sabiri akasema, "Ahsante kwa kazi, fundi," akaondoka.

Wakasafiri. Hilari alijua kwa sababu alipita kwa makusudi karibu na nyumba yao, akaona pamefungwa. Hakupiga simu. Siku zile alikuwa anasikiliza redioni habari za ajali za barabarani, na kila alipokosa kusikia Subaru alikuwa anakaa chini. Alimwombea mtoto ambaye hajui hata jina lake. Alikwenda kanisani, akamwambia padre, na padre akampa kitubio chepesi, akamwambia asijitese, Mungu amesamehe. Hilari akaenda zake akiwaza kwamba Mungu anasamehe upesi kwa kuwa hakuwemo kwenye lile gari.

Kuna wakati alijipa moyo. Utani haufi kwa siku moja, akajiambia. Umedumu tangu enzi za pembe na shanga, umevuka njaa na vita. Utavunjwa na bonge la nta? Kijana atarudi na tusi la kufa mtu. Labda ndiyo maana anakawia, analitengeneza vizuri. Akaanza tena kuchemsha matobolwa siku za Jumamosi, kidogo tu, ya mtu mmoja na nusu.

Ikaja Jumamosi ya jua kali, na Hilari akasikia mlio. Aliujua kabla haujakata kona: ule mvumo wa Subaru, sawasawa, haukohoi, haujikwai. Akaacha spana chini. Akajifuta mikono, akaenda getini.

Gari likasimama nje. Honi haikulia. Mlango ukafunguliwa na kufungwa kwa upole, na mtu akagonga geti kwa vidole.

"Hodi hapa."

Hilari akafungua. Sabiri alikuwa amesimama, shati limechomekewa, kofia mkononi. Nyuma yake, kwenye kiti cha gari, mkewe alikuwa amempakata mtoto. Sabiri alionekana amenenepa kidogo, safari imemkubali. Hakuwa na hasira usoni, na kwa kweli hakuwa na kitu chochote usoni, ila ule utulivu ambao kijana aliyelelewa vizuri anauvaa mbele ya wakubwa.

"Umerudi, mwizi wa shanga," Hilari akasema. "Nilidhani umeshauza na gari, na mtoto."

Akangoja. Alikuwa anaomba kimoyomoyo atukanwe, hata tusi moja dogo, hata lile la maji ya bahari alilolizoea. Sabiri akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee Hilari."

Mke akatazama kutoka garini. Mtoto alikuwa amelala.

"Marahaba, mwanangu," Hilari akasema, maana salamu ile haina jibu jingine.